Wanakula Wapi? Mwongozo Kamili wa Kutunga Genge la Wahalifu Kwenye Katuni ya Shujaa

Genge langu la kwanza lilikuwa na mabosi 6. Wote walivaa miwani nyeusi, wote walivuta sigara nene, na wote walikaa kwenye meza moja ndefu ndani ya ghorofa ambalo hata mimi sikujua liko mtaa gani. Nilimpelekea dada yangu kurasa 12 zilizokwisha kupigwa wino, nikijua kabisa nitasifiwa. Dada anakaanga samaki, ana mdomo, na hadithi za picha amezisoma tangu utotoni. Alizifunua zote, akarudi mwanzo, akaniuliza huku anapangusa mafuta mikononi: "Sasa hawa wanakula wapi?"

Nikadhani anauliza mgahawa.

Kumbe anataka kujua hela inaingiaje. Mabosi 6, vijana 40 wenye bunduki, magari, ghorofa: nani analipia umeme? Kurasa zile ziko chini ya kitanda mpaka leo. Swali lake ndilo ninaloanza nalo kila ninapotunga genge jipya, na hatua zote zilizo hapa chini zimesimama juu yake. Kama unaandika au unachora katuni ya shujaa na unataka adui awe genge la watu badala ya zimwi la sayari nyingine, twende pamoja. Mifano mingi nitaichota Marekani, maana huko ndiko katuni za aina hii zilikozaliwa, na karibu kila kosa unaloweza kulifanya wenzetu wa huko walishalifanya na kulichapisha.

Kwanza ujue genge liliingiaje kwenye katuni

Sehemu hii usiiruke, ni fupi na itakuokoa mbeleni.

Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Watu hawakuacha kunywa, kwa hiyo waliouza kwa magendo walitajirika, wakanunua polisi, wakanunua mahakimu. Al Capone wa Chicago alihukumiwa kifungo cha miaka 11 mwezi Oktoba 1931, na mwezi huohuo Chester Gould alianza kuchapisha katuni ya mpelelezi Dick Tracy gazetini. Mashujaa wenye nguvu za ajabu walipokuja, walikuta adui yuko tayari mtaani. Lile gari la kijani ambalo Superman analibamiza kwenye jalada la toleo la kwanza la Action Comics, 1938, ni gari la mhuni anayeitwa Butch Matson. Si roboti, si mgeni kutoka angani. Ni mhuni wa ukumbi wa dansi aliyemsumbua Lois Lane, mwandishi wa habari anayependwa na Superman.

Halafu mwaka 1954 wachapishaji walijiwekea kanuni za maadili ili wasibanwe na serikali. Kati ya mambo yaliyozuiwa ni kuonyesha polisi, mahakimu na viongozi kwa namna ya kuvunja heshima yao. Fikiria maana yake kwa mtunzi. Genge la kweli haliishi siku mbili bila ofisa anayefumba macho, na sasa ofisa huyo haruhusiwi kuchorwa! Majambazi wa katuni wa miaka iliyofuata wakabaki kuvunja benki na kukimbia na magunia ya noti, utadhani mji hauna serikali. Hata jina la Mafia liliepukwa. Kampuni ya katuni ya Marvel ilipoleta mtandao wa wahalifu kwenye The Avengers namba 13, mwaka 1965, iliuita Maggia.

Ninachotaka ukumbuke: yale majambazi ya magunia ya noti ni zao la kanuni za uchapishaji. Wewe hakuna aliyekufunga mikono. Usiwaige.

Hatua ya 1: Andika ulaji kwa sentensi moja

Kabla ya jina la genge, kabla ya sura ya bosi, kabla ya shujaa mwenyewe, andika sentensi moja inayojibu mambo matatu: nani analipa, analipia nini, na asipolipa inakuwaje.

Nitakuonyesha la kwangu ninalolifanyia kazi sasa. Mji wa pwani, wa kubuni. Kuna diko moja ambako boti hushusha samaki alfajiri na madalali hunadi. Kiwanda cha barafu ni kimoja tu. Mwenye kiwanda watu wote wanamwita Mjomba. Sentensi yangu ni hii: *Wachuuzi wanampa Mjomba ndoo moja ya samaki kwa kila kumi ili waendelee kuuziwa barafu, na asiyetoa samaki wake wanaoza kabla ya saa sita mchana.*

Basi. Hakuna bunduki kwenye sentensi hiyo na bado inauma. Nimechagua barafu kwa sababu naijua. Nimekaa sana kwenye benchi la dada nikisubiri samaki, na nimeona mtu mzima akibembeleza tofali la barafu kama anabembeleza mkopo. Wewe tafuta kitu unachokijua. Mchanga wa ujenzi, maegesho ya pikipiki, maji ya boza, vyuma chakavu. Ukikimbilia dawa za kulevya moja kwa moja, jiulize kama ni kwa sababu hadithi inazitaka au kwa sababu hujafikiri. Mara nyingi ni hilo la pili.

Hata katuni za ajabu kabisa hazikwepi hatua hii. Jack Kirby alipoanzisha Intergang mwaka 1970, kwenye gazeti la rafiki yake Superman, Jimmy Olsen, genge lile lilipata silaha zake kutoka sayari ya Apokolips. Lakini kwenye uso wa dunia lilikuwa na Morgan Edge, mkubwa wa kituo cha televisheni, mwenye ofisi, wafanyakazi na suti. Sayari nyingine ni sawa, ila duka la mbele lazima liwepo.

Tofautisha pia genge na kikundi cha itikadi. Hydra ya Marvel, iliyoanza mwaka 1965, inataka kutawala dunia. Ukikata kichwa kimoja vinaota viwili. Wale wanaamini kitu. Genge haliamini chochote zaidi ya ndoo ya kumi, na ukichanganya hivi viwili utapata bosi anayetoa hotuba ndefu kuhusu mustakabali wa binadamu wakati vijana wake wanasubiri posho.

Hatua ya 2: Watu watano, wasizidi

Msomaji hakumbuki zaidi ya hapo. Nilijaribu 6, matokeo umeyasikia.

*Dagaa.* Kijana wa chini kabisa, anayebeba ndoo. Mpe jina na mpe mama. Yeye ndiye mlango wa msomaji kuingia ndani ya genge.

*Mpambe.* Anayepiga. Huyu ndiye utakayemvalisha nguvu za ajabu kama unataka mapigano.

*Karani.* Anayeandika. Watunzi wengi humsahau, na ni kosa kubwa. Nitamrudia kwenye hatua ya mwisho.

*Mkono wa ofisini.* Bwana afya, mkuu wa kituo, diwani, ofisa leseni. Yule ambaye kanuni za 1954 zingemkata.

*Papa.* Bosi mwenyewe.

Ukitaka kuona mkono wa ofisini ulivyochorwa vizuri, tazama Batman: Year One ya mwaka 1987, matoleo manne tu, Frank Miller akiandika na David Mazzucchelli akichora. Ofisa wa polisi James Gordon anahamia Gotham, mji wa Batman, na kukuta polisi wenzake ndio genge. Askari mwenzake, Flass, anakwenda na wenzake kumpiga kwa sababu amekataa kula nao. Kuna mlo wa jioni ambapo kamishna wa polisi, wanasiasa na bosi wa wahalifu Carmine Falcone wamekaa meza moja. Batman anakata taa, anaingia kupitia ukuta uliobomolewa na kuwaambia kwamba wameula utajiri wa mji na karamu yao inakaribia kwisha. Mwingereza na Mmarekani wanalisoma neno hilo la kula kama mafumbo. Kwetu halina fumbo lolote, ndiyo lugha ya kila siku, na mtunzi wa Kiswahili ana mtaji hapo ambao Miller hakuwa nao.

Angalizo moja kuhusu watu hawa. Usilipatie genge zima kabila moja au lafudhi moja. Toleo la kwanza kabisa la Detective Comics, 1937, lina jaladani sura ya Mchina mwenye macho ya kutisha, na leo ukiiangalia unachoona ni hofu ya mchoraji tu. Ulaji haujali kabila. Genge lako likiwa la mchanganyiko litakuwa la kweli zaidi na hutagombana na nusu ya wasomaji wako.

Hatua ya 3: Mchore bosi kwa kivuli chake

Sasa ndiyo unaruhusiwa kumchora. Chukua kalamu nene, jaza umbo lake lote kwa wino mweusi bila uso wala vifungo. Bado unamtambua? Endelea. Hatambuliki? Futa.

Wilson Fisk, anayejulikana kama Kingpin, alitokea mara ya kwanza kwenye The Amazing Spider-Man namba 50, Julai 1967, hadithi ya Stan Lee na michoro ya John Romita. Spider-Man ameacha kazi, vazi lake liko kwenye pipa la taka uchochoroni, na kwenye pengo hilo anaingia bonge la mtu mwenye kipara, koti jeupe na fimbo, anayewakusanya mabosi wadogo chini yake. Kivuli chake kinatosha. Ni duara juu ya mraba. Msomaji anadhani ni mtu mnene wa kukaa kitini, kisha anagundua ule mwili wote ni misuli. Ona mambo mawili yaliyofanyika hapo: umbo linasomeka haraka, na umbo linadanganya.

Hammerhead, adui mwingine wa Spider-Man, wa mwaka 1972, ana kichwa bapa juu kama nyundo kwa sababu daktari alikifunga kwa chuma, na kitu pekee alichokumbuka baada ya kupigwa ni bango la sinema kuhusu genge la Al Capone. Kwa hiyo anavaa na kuongea kama mtu wa miaka ya 1920. Ni kichekesho, ndiyo, lakini ni kichekesho chenye maana, maana wahuni wengi wa kweli wamejifunza kutembea kutoka kwenye sinema. Na miaka minane kabla yake kulikuwa na Big Man kwenye Spider-Man namba 10, bosi mwenye mabega mapana na sauti nzito. Ndani ya lile vazi alikuwamo Frederick Foswell, mwandishi wa gazeti, mtu mdogo asiyeangaliwa na yeyote.

Baada ya umbo, sauti. Hapa usinakili sinema za nje. Bosi wa kwetu hapigi kelele, wala hasemi "nitakuua". Anaitwa Mjomba, Mzee, Tajiri, Mama Mkubwa. Anaamkiwa shikamoo na anaitikia marahaba. Analipa ada za watoto wa watu, anachangia misiba na harusi, anakumbuka majina. Mpe na kitu kimoja anachokipenda kweli. Kingpin alipohamishiwa kwenye katuni ya shujaa Daredevil mwaka 1981, Miller hakuanza na uhalifu wake. Alimwonyesha amestaafu Japani kwa ajili ya mkewe Vanessa, yuko tayari hata kukabidhi mafaili ya wenzake kwa sheria. Ni kupotea kwa Vanessa ndiko kunakomrudisha kazini, na kuanzia hapo kila ubaya wake una jeraha nyuma yake.

Hatua ya 4: Kwa nini shujaa asimpige tu?

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Kaa nayo hata wiki mbili.

Shujaa wangu anaitwa Chuma. Mchana anakaanga samaki, usiku ana nguvu za watu 40. Mjomba ana umri wa miaka 67 na kisukari. Akipigwa kofi moja la Chuma, hadithi imekwisha ukurasa wa 3. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu kati yao ambacho ngumi haifiki.

Kuna njia dhaifu ya kulitatua: kumpa bosi nguvu sawa na za shujaa. Ukifanya hivyo umepoteza genge, umebaki na watu wawili wanaobomoa ukuta. Njia yenye nguvu ni kumfanya bosi ashike kitu ambacho mji unakihitaji. Chuma akivunja kiwanda cha barafu, kesho asubuhi samaki wa diko zima wanaoza, na wachuuzi 300 watamlaani yeye, si Mjomba. Mama yake mwenyewe atakuwa miongoni mwao.

Njia nyingine ni kugeuza meza: bosi ampige shujaa mahali ambapo shujaa hana misuli. Hakuna mfano bora kuliko hadithi ya Born Again, kwenye Daredevil namba 227 hadi 233, mwaka 1986, Miller na Mazzucchelli tena. Karen Page, mpenzi wa zamani wa Matt Murdock, wakili ambaye usiku ndiye Daredevil, amezama kwenye dawa za kulevya na anauza siri moja kwa ajili ya dozi moja: jina halisi la Daredevil. Siri inapanda ngazi, mkono kwa mkono, mpaka inamfikia Kingpin. Sasa tulia uangalie anachofanya. Hamtumi muuaji. Akaunti za benki za Matt zinafungwa. Watu wa kodi wanamjia. Askari mwenye sifa safi anatoa ushahidi kwamba wakili huyu amemhonga shahidi, na leseni ya uwakili inakwenda. Barua moja baada ya nyingine. Kwa muda mrefu Matt hajui kama kuna adui. Anadhani ni mkosi, ni urasimu, ni maisha tu.

Nani kati yetu hajawahi kusimama dirishani akiambiwa faili halionekani? Ndiyo maana hadithi ile inatisha kuliko mashetani.

Kisha Kingpin anakosea. Nyumba ya Matt inalipuliwa, na kwenye kifusi Matt anaokota vazi lake la Daredevil. Hapohapo anaelewa: mkosi haulipui nyumba. Bosi alishindwa kujizuia kuweka saini kwenye kazi yake. Baadaye Kingpin anamtupa Matt mtoni akiwa ndani ya teksi, na teksi inapotolewa majini haina maiti. Kuanzia hapo Kingpin halali.

Chukua fundisho la ufundi: bosi wako awe na mpango usio na mwanya, halafu tabia yake mwenyewe itoboe mwanya. Andika kwenye karatasi kasoro moja ya bosi wako. Majivuno, uchoyo, wivu, mapenzi. Mjomba wangu anapenda kushukuriwa. Hawezi kutoa kitu kimyakimya, lazima amwone mtu akisema asante. Hilo ndilo litakalommaliza, na ukurasa ufuatao unaanza kulijenga.

Hatua ya 5: Ukurasa mmoja wa kutisha bila tone la damu

Kila genge linahitaji ukurasa mmoja ambao msomaji anaelewa nguvu zake bila kuelezwa. Uchore mapema, kabla ya ukurasa wa 10. Huu ni wangu, fremu 5, yaani visanduku vitano vya picha.

Fremu ya 1, pana. Dirisha la kiwanda cha barafu alfajiri. Foleni ya wachuuzi. Mama yake Chuma yuko mbele, ndoo kichwani. Nyuma ya dirisha karani na daftari kubwa la jalada jekundu. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, Mjomba anakunywa chai ya rangi bila sukari.

Fremu ya 2. Mama: "Shikamoo, Mjomba." Mjomba: "Marahaba, binti yangu. Mgongo unaendeleaje?"

Fremu ya 3, karibu, uso wa Mama. Hajamwambia mtu yeyote kuhusu mgongo. Hakuna maneno kwenye fremu hii.

Fremu ya 4. Mjomba, akitabasamu: "Leo barafu yako chukua bure. Wala usinishukuru." Nyuma yao, foleni nzima imeinamisha macho chini.

Fremu ya 5, karibu sana. Mkono wa karani na rula. Jina la Mama linapigwa mstari kwenye daftari.

Nilipomwonyesha mchoraji wangu alitaka kuongeza kijana mwenye panga pembeni, "ili watu waelewe." Tulibishana jioni nzima. Panga likiingia, hofu inahamia kwenye panga. Bila panga, hofu inabaki kwenye neno *bure*, na msomaji anajiuliza mwenyewe kwa nini mtu anaogopa zawadi. Foleni inayoangalia chini inafanya kazi yote. Kama una nafasi ya kuchora kitu kimoja tu kwa umakini kwenye ukurasa kama huu, chora watu wanaotazama pembeni.

Hatua ya 6: Wapambe na mapigano

Hapa sitakaa sana, maana kupigana kila mtu anajua kuchora.

Shujaa akipambana na vijana wa kawaida, usizidishe ukurasa mmoja. Mtu wa nguvu 40 akipiga vibarua kurasa tano mfululizo, msomaji anaanza kuwahurumia vibarua. Waweza kuitumia huruma hiyo kwa makusudi: kijana anayevunjwa mkono kwenye fremu ya 4 awe ndiye dagaa uliyemtambulisha na mama yake.

Mpambe mkuu mchukulie kama mtu aliyeajiriwa. Ana nafasi, ana mshahara, anaweza kufukuzwa. Kwenye Daredevil namba 181, mwaka 1982, muuaji Bullseye anatoroka gerezani na kukuta nafasi yake ya muuaji mkuu wa Kingpin imechukuliwa na Elektra. Anamuua. Wasomaji walilia, na kifo kile bado kinazungumzwa, lakini mzizi wake ni mgogoro wa ajira. Usidharau sababu ndogo. Ndani ya genge watu hawauani kwa ajili ya kutawala dunia, wanauana kwa ajili ya kiti.

Hatua ya 7: Liangushe kwa kitu kilichokuwepo tangu mwanzo

Shujaa akimpiga bosi ukurasa wa mwisho na polisi wakaja kumfunga pingu, umerudi kwenye magunia ya noti. Polisi gani? Wale wa hatua ya 2?

Kumuua nako hakutoshi. Punisher, mtu anayewawinda na kuwaua wahalifu, ameingia kwenye katuni mwaka 1974, familia yake ilishauawa katikati ya ugomvi wa magenge ndani ya Central Park, na tangu hapo amewaua mabosi wasiohesabika. Kila toleo jipya linamkuta na mabosi wengine. Waandishi wake bora wanalijua hilo, ndiyo maana hadithi zake hazina furaha.

Rudi kwa Capone. Mtu aliyehusishwa na mauaji mengi aliangushwa na kodi, na kati ya vitu vilivyombana mahakamani ni madaftari ya hesabu yaliyokamatwa kwenye nyumba ya kamari, pamoja na ushahidi wa mtu aliyekuwa akiyaandika. Karani. Ndiyo sababu nilikuambia usimsahau. Yeye peke yake anajua ndoo ngapi ziliingia, nani wa ofisini alipewa ngapi, na siku gani. Shujaa wako hahitaji ngumi kwa karani, anahitaji sababu ya karani kuongea. Au ya kumchomea bosi utambi bila kuonekana.

Kuna anguko la aina nyingine ambalo nalipenda: bosi kupitwa na wakati. The Long Halloween, hadithi ya Batman ya matoleo 13 ya mwaka 1996 na 1997 yaliyoandikwa na Jeph Loeb na kuchorwa na Tim Sale, inaonyesha familia ya Falcone ikipokonywa mji wa Gotham taratibu na vichaa wenye vinyago. Wazee wa suti hawaelewi kilichotokea. Humo pia mwendesha mashtaka Harvey Dent anamwagiwa tindikali mahakamani na Maroni, mhalifu aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1942, na kutoka kwenye kidonda kile anazaliwa mhalifu Two-Face. Genge limemtengeneza mtu atakayelizika.

Kwa Mjomba nimepanga hivi. Karani amechoka miaka 19 ya kuandika na kukaa kwenye benchi wakati mwenzake anakaa kwenye kiti. Siku Mjomba anapomlazimisha amshukuru mbele ya foleni kwa dawa ya mtoto, kitu kinakatika. Hasemi neno. Usiku anaacha dirisha la kiwanda wazi, na daftari jekundu juu ya meza. Dagaa, mkono wake bado kwenye bendeji, analichukua na kumpelekea Chuma, na Chuma analipeleka mji wa jirani kwa mtu ambaye Mjomba hajawahi kumlipia ada. Hakuna ukuta uliovunjwa. Nguvu za watu 40 zinatumika mara moja tu, kulisukuma lori la barafu lililokwama ili foleni isikose.

Ukurasa wa mwisho ni fremu moja inayojaza karatasi nzima. Alfajiri, dirisha lilelile, foleni ileile, Mama yuko mbele na ndoo kichwani. Kiti cha plastiki kiko palepale. Amua mapema nani amekikalia, kabla hujachora chochote, kwa sababu sehemu ya pili ya hadithi itaanzia hapo. Mimi nimemkalisha karani, na chai yake ina sukari.